Kurasa za Mwisho za Kamusi

Mwaka jana nilirudi Likasi, mji wetu wa migodi kule Kongo, kwa ajili ya matanga ya mama yangu mdogo. Siku ya tatu nikatumwa jikoni nikatoe unga wa kupikia wageni. Nilifunua pipa la plastiki lililokuwa nyuma ya mlango na kumbe mvua ilikuwa imepenya humo. Unga ulikuwa umeshikana mabonge, juu yake nyuzi nyembamba kama za buibui, na katika nyuzi hizo funza weupe walikuwa wakijikunjakunja. Harufu ilikuwa ya uvuguvugu, chachu kidogo, kama pumzi ya mtu mwenye homa anayekusemesha karibu mno. Nikarudi nyuma hatua mbili. Mate yakanijaa chini ya ulimi, tumbo likapanda, likashuka, likajigeuza, na hapo likanijia neno ambalo sikuwa nimelitamka kwa karibu miaka thelathini: wamble.

Ni kitenzi cha Kiingereza, rafiki yangu, na usijisumbue kumuuliza Mwingereza. Mimi nimewauliza watatu, na wote walinitazama kama mtu anayesimulia ndoto. Wao walikwisha kulitupa zamani. Lakini mtaani kwetu Kikula, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watoto wa miaka kumi na mmoja tulilijua vizuri, sisi ambao hatukujua mkate unaitwaje kwa Kiingereza, wala nyumba.

Sababu yake ilikuwa kamusi ya mwalimu wetu. Ilikuwa kamusi nene ya Kiingereza kwa Kifaransa, yenye jalada jeusi, iliyoachwa shuleni na mapadri. Mshahara wa walimu ulipokoma, mwalimu wa Kiingereza alianza kuuza kurasa zake kwa mama muuza karanga wa njia panda, ambaye alizikunja pembe na kufungia karanga za kukaanga. Mwalimu alikuwa mtu wa utaratibu hata katika njaa. Alianza na A. Kila herufi aliifundisha kwanza, wanafunzi wakanakili maneno daftarini, halafu ndipo akaichana na kuiuza. Miaka miwili alikwenda hivyo. Baadaye njaa ikapiga mbio kuliko masomo, na sisi tulipoingia darasani kwake, alikuwa amebaki na herufi za mwisho tu. S yote iliondoka mwezi uleule, bila kufundishwa. Kwa hiyo Kiingereza chetu kilianzia kwenye T.

Siku alipofika kwenye neno hilo, alilitamka kwanza mara tatu, nasi tukarudia. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake: kinywa kwanza, maana baadaye. Hakuna neno ambalo angelieleza kabla ya kulitamka. Kisha akatuonyesha kifupisho kidogo kilichokuwa mbele yake, cha kuonya kwamba neno ni la kale.

"Mwenye kutapika amemaliza kazi," akasema. "Huyu hajamaliza. Tumbo inapanda, inashuka, inageuka sawa maji ya bukari mbele ya kutia bunga. Njo ile." Bukari ndiyo ugali wetu, na bunga ni unga.

Akaeleza na matumizi. Unaweza kulisemea tumbo, unaweza kumsemea mtu mzima. Lakini usilitumie kwa njaa ya kawaida, na usilitumie kwa aliyekula kitu akipendacho hata kikamdhuru. Lazima kuwe na kitu kilichoingia, au kinachotaka kuingia, na wewe mwenyewe hukukitaka. Msichana wa dawati la mbele akainua kidole.

"Mwalimu, kama Bangereza banaiacha, sisi tunaisomea nini?"

"Kule Shituru bazungu baliacha majiwe, baba yako iko anaokota," akajibu mwalimu. "Weye okota. Uko unauliza nini?"

Darasa zima likacheka, naye msichana akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Baba zetu wengi walikuwa mafundi wa kampuni ya shaba, na sasa walizunguka kwenye marundo ya mawe yaliyotupwa na mitambo ya Shituru, wakichagua yenye rangi ya kijani. Moshi wa asidi, ambao zamani ulitukwaruza koo kila asubuhi na kukausha mboga za mama, ulikuwa umepungua hata tukaanza kuupeleleza angani kama watu wanaosubiri mvua. King'ora cha zamu kililia siku moja, kikanyamaza siku nne. Cha ajabu, umeme wa bwawa la Koni haukukatika. Jiko letu la umeme lilikuwa jekundu kabisa, na juu yake sufuria ya maji matupu ikichemka, maana mama alipenda majirani wasikie mlio wa kifuniko.

Neno lile likashuka barabarani pamoja nasi. Mtoto akipita karibu na mfereji uliooza, wenzake wakasema, "Ona ule, anawamble." Samaki wa chumvi walioharibika sokoni, vidonda vya mbwa, mzee aliyetema kikohozi chake mbele yetu, vyote tulivipimia neno hilo. Tulikuwa na utajiri wa mambo ya kuchukiza, na mwalimu alikuwa ametupa kipimo.

Nyumbani wakati huo kampuni ilikuwa imeacha kugawa mgao. Zamani kila mwezi baba alikuja na gunia la unga mweupe begani, na sisi tukamkimbilia kama anayeleta sukari. Sasa mama alinunua meka moja, kopo lile kubwa la kupimia, halafu nusu meka, halafu hakununua. Tulikula majani ya viazi yaliyochemshwa na chumvi, siku tatu mfululizo, na mdogo wangu wa miaka mitatu akawa akilia bila machozi. Mama alikuwa amebakiza vikwembe viwili, vitenge vya arusi yake, vimekunjwa ndani ya sanduku pamoja na majani makavu ya kufukuza wadudu. Alikuwa ameapa kwamba hivyo haviuzwi.

Ndipo lori la mwenye depo, ghala la unga la mtaa wetu, likarudi kutoka mpakani na magunia ya karatasi. Unga ulikuwa wa manjano iliyokolea, mzito, wenye vipande vya maganda ya mahindi, na bei yake ilikuwa chini ya nusu ya bei ya unga mweupe. Sisi tuliokuwa tumesimama upande wa upepo tuligeuza uso. Ulinuka mafuta yaliyochacha na manyoya yenye maji.

"Bamama, hii njo bunga ya kizungu," akasema mwenye depo. "Inakuwa ya manjano juu ya vitamini."

"Na ile harufu?" akauliza jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa.

"Njo harufu ya vitamini."

Wanawake walicheka lakini hawakutoa pesa. Kwenye kila gunia kulikuwa na maandishi mekundu ya Kiingereza, maneno mawili makubwa, na jirani akasema wasinunue kitu kisichojulikana jina. Wakatuma mtu amlete mwalimu.

Alikuja amevaa koti lake, ingawa jua lilikuwa kali. Akainama mbele ya gunia. Akakaa hivyo muda mrefu. Mwenye depo alikuwa amesimama nyuma yake akijipepea kwa kofia.

"Mwalimu, soma basi," akasema. "Ao Kingereza yako yote ilienda kufunga kalanga?"

Watu wakacheka tena. Mwalimu akajinyoosha, akajipangusa magoti, akasema, "Banaandika ni bunga ya nguvu."

Basi wanawake wakaanza kufungua vifundo vya kanga zao. Jirani yetu alichukua gunia zima. Mimi nilibaki nikimtazama mwalimu akiondoka, kwa sababu jambo moja halikukaa sawa. Alikuwa ametoa maana bila kulitamka neno. Sijui kama mwanafunzi mwingine aliliona hilo. Nilijisogeza kwenye gunia, nikazinakili herufi zile kwenye kiganja kwa kalamu: SWINE MEAL. Hazikufanana na neno lolote la Kifaransa nililolijua, na neno la kwanza lilianza na S.

Mama aliposikia bei, aliendelea na kazi zake mpaka jioni. Kisha akatoa vikwembe kwenye sanduku, akavitandaza kitandani, akavipapasa kwa kiganja kana kwamba anatafuta tundu. Akasema Jumamosi atakwenda sokoni. Ilikuwa Alhamisi. Nilitaka kujua, kabla ya Jumamosi, vikwembe vile vinakwenda kununua nini.

Ijumaa baada ya masomo nilikwenda kwa mama muuza karanga nikamwambia nitamsaidia kumenya. Alinikagua vidole, akakubali. Nilimenya, nikapeta, nikapuliza maganda mekundu yakanijaa nywele, na kila alipoinuka kumhudumia mteja, mimi nilipekua boksi lake la karatasi. Kurasa za S zilikuwa humo, zimechanganyika na madaftari ya watoto na risiti za kampuni. Nyingine zilikuwa zimekwisha kukunjwa pembe. Niliyoitafuta niliikuta ndani ya pembe iliyokuwa na karanga tayari. Nikazimimina kwenye nguo yangu, nikakunjua. Mafuta yalikuwa yameipenya hadi maandishi ya upande wa pili yakaonekana kinyume, lakini nilisoma. Neno langu lilikuwa katikati ya safu. Maana yake kwa Kifaransa ilikuwa nguruwe. Mstari wa juu yake ulikuwa na neno lenye maana ya tapeli.

Neno la pili sikuwa na haja nalo tena. Nilimrudishia mama yule karanga zake, nikamwomba karatasi badala ya ujira. Akanitazama kwa huruma kidogo, akanipa na konzi ya karanga juu.

Mama alikuwa amesoma kwa masista mpaka darasa la nne, na Kifaransa cha kusoma alikuwa nacho. Alisoma mstari niliomwonyesha kwa kidole. Akaunusa ukurasa. Akautazama mkono wangu wenye herufi, akaulinganisha na karatasi.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Baba yako?"

"Hapana, mama."

Akajifunga kikwembe cha kutokea, akaniambia nimfuate. Njiani moyo wangu ulifurahi, nakuambia ukweli. Nilimwona mama kama mtu anayekwenda kupiga mlango wa mwongo mbele ya mtaa mzima, na mimi nyuma yake na ushahidi.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa chumba na ukumbi. Nyuma ya mlango magunia mawili yalikuwa yamesimamishwa, maandishi yake yakielekea ukutani. Mke wake alikuwa akisonga bukari ya manjano, na watoto wao wanne walikuwa wamekaa chini kando ya ukuta, kila mmoja na sahani yake mapajani, wakikitazama kijiko. Harufu ile, ikichemka, ilikuwa mbaya mara mbili. Ilikaa juu ya ulimi wangu.

"Mwalimu," akasema mama, "uliisoma ao haukuisoma?"

Mwalimu aliiona karatasi. Aliitambua mara moja, ilikuwa yake.

"Niliisoma, mama."

"Na ukatuambia ni ya nguvu."

"Nguluwe haina nguvu?" Hakusema kwa mzaha. Kisha akaonyesha watoto wake kwa kidevu. "Hawa banakula tangu jana, mwenye depo aliponipa. Baangalie. Hakuna mwenye alikufa."

Nilisubiri. Nilimhimiza mama kwa macho. Mama alikuwa akiitazama sufuria. Alitazama muda mrefu kama vile mwalimu alivyolitazama gunia, kisha akamgeukia yule mwanamke.

"Inaiva muzuri?"

"Uchunge mbele," akajibu mke wa mwalimu bila kuacha kusonga. "Mara mbili. Utie na chumvi kidogo, ile harufu inapunguka."

Kutoka hapo hatukwenda nyumbani. Tulikwenda depo. Mama alimvuta mwenye depo pembeni, akamwonyesha ukurasa huku ameukunja, akasema kwa sauti ya chini sana, "Unipatie ku bei ya nguluwe. Kama haiko vile, naita bamama bote."

Yule mtu akatazama barabara upande huu na upande ule. Akampa. Gunia zima, kwa kikwembe kimoja tu, nilichompelekea jioni ile, na kingine kikabaki sandukuni. Alilibeba mwenyewe, akamtwika mama kichwani, kwa heshima, kama anavyohudumiwa mteja mkubwa. Alipoona mama anainuka, akasema, "Mama, tunasikilizana?" Na mama akajibu, "Tunasikilizana."

Tulipofika karibu na mlango wetu, jirani wa mlango wa pili alikuwa akichekecha unga wake kwenye ungo, uso wote wa manjano kwa vumbi. Akamwita mama, akamwambia amefanya vema kununua, mwalimu amesema unga huu una nguvu, yeye mwenyewe atampa binti yake aliyejifungua. Mama akasema, "Ndiyo, mama, balisema." Tukaingia. Akanishika kiwiko.

"Ukifungua kinywa, hatutakula," akasema. "Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia.

Alikata kwa kisu sehemu ya gunia yenye maandishi, akaichoma juu ya jiko. Akachekecha mara mbili, akatia chumvi. Kambo, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, aliuliza mbona unga una rangi ya kinyesi cha mtoto, mama akamjibu ni vitamini. Bukari ilikuja mezani ikiwa laini kwa juu na yenye chenga ndani, ikishikana na meno, ikiacha mafuta kwenye kaakaa. Nilimega tonge, nikalichovya kwenye mboga ya lengalenga, nikameza bila kutafuna. Lilifika. Halafu likaanza. Lilipanda hadi hapa, likashuka, likajigeuza, likapanda tena, na mimi nimekaza meno, nikitazama sahani, nikijua kila sharti la matumizi limetimia. Kitu kiliingia. Sikukitaka. Na sikuruhusiwa kumaliza kazi, kwa sababu aliyetapika siku hiyo angekuwa ametapika kikwembe cha arusi ya mama.

Sitaki kumpamba mtu katika habari hii. Nimejaribu mara nyingi kumchukia mwalimu peke yake, lakini hesabu haikubali. Alidanganya kwa magunia mawili. Mama alinyamaza kwa gunia moja la bei nafuu. Mimi nilinyamaza kwa tonge. Jirani yetu, ambaye alituazima chumvi na moto miaka yote, alilipa bei ya watu kwa chakula cha nguruwe, akanunua gunia la pili, akawashawishi na wenzake wa kanisani. Mimi nilimwona akipita na gunia, nikamwamkia.

Darasani, Jumatatu iliyofuata, mwalimu alifungua kamusi yake na kuendelea na neno lililofuata. Aliuliza kama tuna swali juu ya maneno ya wiki iliyopita. Macho yake yalipita juu yangu bila kusimama. Hakuna aliyeuliza. Miezi michache baadaye alivuka kwenda Zambia kutafuta kazi ya kufundisha, akiwa na kurasa zisizozidi thelathini, na sijui aliwakuta watu gani wa kuzungumza nao kwa maneno yale. Depo sasa ni duka la simu. Shule ipo, ina rangi mpya. Hakuna mtu Likasi anayelikumbuka lile neno; nimeuliza watu wa rika langu, wakacheka, wakaniambia nimelitunga.

Lakini kilichopotea kweli hakikuwa neno. Wiki ya kwanza tulikula tukiziba pua. Wiki ya pili tuliacha kuziba. Wiki ya tatu jirani alipata unga mweupe kutoka kwa ndugu zake wa Kapolowe, unga wa kinu, mwepesi, unaonukia jua. Hakuusahau mlango wetu. Alileta sahani iliyofunikwa, bukari nyeupe ikitoa mvuke, na samaki mdogo juu yake. Akaiweka mbele ya mdogo wangu kwa mkono wake mwenyewe, akachuchumaa amwone akila. Mtoto alimega, akaonja, akakunja uso. Akaisukuma sahani.

"Miye nataka ile ya manjano."

Jirani alicheka mpaka akajishika mbavu. "Anazobelea, mama," akasema, yaani ameshazoea. "Sisi bote tunazobelea."

Mama naye akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jiko, nikikwangua ukoko wa manjano uliobaki chini ya sufuria, sehemu iliyoungua kidogo, ambayo siku hizo mimi na kambo tulikuwa tukiigombea. Nilikuwa nayo mdomoni. Ilikuwa tamu, na tumbo langu lilikuwa limetulia kabisa.